Yaliyopita yanapokuwa ndwele

Hakuna methali inayotumika vibaya majumbani mwetu kama ile ya "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Inafaa sana kwa ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba, au kwa mume na mke waliotoleana maneno ya hasira jana usiku. Lakini wapo watu ambao kwao yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Kumwambia mtu wa namna hiyo agange yajayo ni sawa na kumwambia mwenye mfupa uliovunjika ukaunga vibaya ajikaze tu atembee.

Wiki hii tuzungumze juu ya watu hao. Huenda ni wewe, huenda ni mume wako, huenda ni yule dada wa kazi anayeshtuka kila mlango ukigongwa.

Mimi si daktari wa magonjwa ya akili. Ni daktari wa magonjwa ya ndani, na wagonjwa wangu huja wakilalamika tumbo, kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio au usingizi kukatika saa nane za usiku. Hakuna anayefungua mlango wa kliniki na kusema, "Dokta, nina kidonda cha moyo." Kidonda hicho hutangulizwa na tumbo.

Nichukue mfano wa dada mmoja. Nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha, na mwenyewe ameniruhusu nimsimulie. Alikuwa na miaka 38, anauza mitumba, na alikuja na bahasha ya vipimo nene kama daftari la kaunta. Kwa miaka miwili alisumbuliwa na kiungulia, tumbo kukaza na moyo kudunda usiku. Alishapimwa malaria mara zisizohesabika, akapimwa taifodi, akapigwa ultrasound, hadi akamezeshwa mpira wenye kamera. Vidonge vya omeprazole alikunywa kama karanga. Vipimo vyote vilikuwa safi, na kila alipoambiwa "huna tatizo" alirudi nyumbani akiwa na tatizo lilelile, ila sasa na aibu juu yake.

Nikamwuliza, "Dada, mwaka ule tumbo lilipoanza, nyumbani kulikuwa na nini?"

Akafikiri. "Hakukuwa na kitu, dokta. Binti yangu ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka tisa."

Kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe alipokuwa na miaka tisa, wakati wa likizo ya shule, ndugu wa karibu aliyeishi nao nyumba moja alimfanyia jambo ambalo mtoto hapaswi kufanyiwa. Alijaribu kumwambia bibi yake, akaonywa asiyarudie maneno hayo kwa kuwa yangevunja ukoo. Basi akayameza. Alisoma, akaolewa, akazaa, akafungua biashara. Siku binti yake alipofikia umri ule, mwili ukaanza kudai deni.

Madaktari na wanasaikolojia wengi wanaifahamu hali hii: mzazi aliyeumizwa utotoni huanza kusumbuka mtoto wake anapofikia umri uleule. Wala jambo lililompata si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7 hivi, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hesabu watu waliokaa nawe kwenye daladala asubuhi ya leo, utaelewa ninachosema.

Uhusiano kati ya majeraha ya utotoni na magonjwa ya ukubwani nao umechunguzwa. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani walichapisha utafiti wa watu wazima zaidi ya 9,000. Waliwauliza kama utotoni waliwahi kupigwa, kutukanwa, kunajisiwa, kuishi na mlevi, kumwona mama akipigwa na kadhalika. Kadiri aina za mateso zilivyokuwa nyingi, ndivyo uwezekano wa sonona, ulevi, hata ugonjwa wa moyo ukubwani ulivyopanda. Nisieleweke vibaya. Wapo wengi waliopita katika utoto mgumu na leo wana afya njema. Lakini daktari anayetibu presha bila kuuliza kitu kuhusu maisha ya mgonjwa wake anatibu nusu ya mtu.

Kwa nini mwili hausahau

Kwa kawaida ubongo hufanya kazi kama karani mzuri. Tukio likiisha huliandikia tarehe na mahali, kisha huliweka kabatini pamoja na mengine. Ukimkumbuka mwalimu aliyekuchapa darasa la nne, unajua hilo lilikuwa darasa la nne, unajua mwalimu amestaafu, na pengine unacheka.

Tukio la kutisha kupita kiasi huvuruga kazi ya karani huyu. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga kengele ya hatari, huipiga kwa nguvu zote. Mwili humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, misuli hukaza, tumbo huacha kusaga chakula. Wakati huohuo sehemu inayopanga kumbukumbu kwa wakati na mahali, yaani hipokampasi, hushindwa kufanya kazi yake sawasawa. Kinachobaki ni vipande tu: harufu ya mafuta ya taa, mlio wa breki, rangi ya shati, sauti ya kitasa. Vipande hivyo havina tarehe. Kimoja kikiguswa, mwili huamini kwamba jambo linatokea sasa hivi.

Ndiyo maana neno "sahau" halimsaidii mtu huyu. Atasahau vipi kitu ambacho mwili wake bado haujajua kwamba kimekwisha?

Hali hii tunaiita kiwewe. Mwenye kiwewe hurudiwa na tukio, ama kwa jinamizi usiku au kwa picha zinazomvamia mchana akiwa anakata vitunguu. Hukwepa chochote kinachomkumbusha: barabara fulani, wimbo fulani, hata ndugu fulani asiye na hatia aliyefanana na mtesaji. Huwa macho muda wote kama mlinzi wa zamu ya usiku, anashtuka ovyo, anakuwa mkali kwa watoto kisha analia kwa kujuta. Na ndani yake kuna sauti inayosema kosa lilikuwa lake. Wengine hawaogopi wala hawalii, wamepigwa ganzi tu. Wanahudhuria msiba wa mama mzazi bila chozi, na watu wanasema ana moyo mgumu.

Si kila mtu aliyepatwa na jambo baya hupata kiwewe, na hili ni muhimu. Takwimu zinazotumiwa na Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba watu wapatao 70 kati ya 100 hukutana na angalau tukio moja la kutisha maishani, lakini ni kama 4 tu kati ya 100 ambao wamewahi kuugua kiwewe kamili. Hatari hupanda sana pale tukio linapokuwa ukatili wa kingono, linapojirudia, linapotendwa na mtu uliyemwamini, au unapokosa mtu wa kukuamini baada yake. Hilo la mwisho nalirudia kwa makusudi. Bibi aliyemwambia mtoto anyamaze hakumwokoa na chochote, na ukoo nao haukupona.

Wanaume wamo pia, ingawa huja kwa njia nyingine. Dereva wa bodaboda aliyeona abiria wake akifa lamini, miezi sita baadaye analetwa na mkewe kwa sababu ya pombe. Askari aliyestaafu hawezi kukaa akiupa mgongo mlango. Kijiweni wanaambiwa "wewe ni mwanaume bwana", na chupa inakuwa ndiyo mshauri.

Neno linalotuponza

Sasa tufike kwenye tiba, na hapa lugha yetu yenyewe inatuchanganya kidogo. Tunasema "ushauri nasaha". Mtu akisikia ushauri anatarajia kushauriwa. Anadhani atakaa mbele ya mtu mwenye miwani, ataeleza shida yake, kisha ataambiwa la kufanya. Akifika akakuta mtaalamu anasikiliza na kuuliza tu, anatoka akilalamika: "Nimelipa hela yangu, hakunishauri kitu."

Na kuna wanaojiita washauri ambao kweli hushauri tu. Vumilia. Samehe. Omba. Usimkasirishe mumeo. Maneno hayo mgonjwa ameshayasikia bure kwa shangazi yake, hana haja ya kuyalipia.

Ushauri wa kweli una kazi yake, nami siudharau. Aliyefukuzwa kazi, aliyegundulika na virusi vya UKIMWI, wanandoa wanaogombana juu ya pesa, wote hunufaika sana kwa kukaa na mnasihi aliyefunzwa, wakapanga mambo yao taratibu. Kiwewe kilichokomaa huhitaji zaidi ya hapo. Kinahitaji tiba ya kisaikolojia, yaani tiba ya mazungumzo yenye mpango, yenye hatua, na yenye kuligusa tukio lenyewe.

Tofauti hiyo iliwahi kupimwa karibu na sisi. Mwaka 2004 wanasaikolojia wa Kijerumani walichapisha matokeo ya kazi yao na wakimbizi 43 wa Sudan waliokuwa katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, wote wakiwa na kiwewe. Kundi moja lilipewa elimu tu kuhusu kiwewe. La pili lilipewa ushauri wa kutia moyo, juu ya maisha ya sasa na mipango ya mbele. La tatu lilisaidiwa kusimulia maisha yao yote, tangu kuzaliwa, pamoja na yale mabaya kabisa, katika vikao vinne. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 80 ya waliopewa elimu na asilimia 79 ya waliopewa ushauri walikuwa bado wanaugua. Kwa wale waliosimulia, ilikuwa asilimia 29.

Watu 43 ni wachache, nakubali. Utafiti mkubwa zaidi ulifuata katika makazi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, na matokeo yake yalitoka mwaka 2008. Wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia walishiriki, na waliowatibu hawakuwa madaktari, walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo. Safari hii wale waliosimulia maisha yao kwa mpangilio na wale waliopata unasihi wa kiwewe ulio huru zaidi walipata nafuu inayokaribiana: asilimia 70 na 65 hawakuwa na kiwewe tena, wakati kwa waliofuatiliwa tu ilikuwa asilimia 37. Hata maumivu ya mwili yalipungua, jambo lililonifurahisha mimi mtu wa matumbo. Ila katika kundi la pili mtu 1 kati ya 5 aliacha tiba njiani, na katika kundi la kusimulia walioacha walikuwa 4 tu kati ya 100.

Ninachokiona humo ni kwamba cheti kikubwa cha mtoa huduma si sharti la kwanza. Kinachohitajika ni mtu aliyefunzwa vizuri, anayesimamiwa, na asiyeogopa kukaa nawe pale penye maumivu.

Ndani ya chumba

Watu wengi huogopa tiba hii kwa sababu hawajui kinachotokea ndani. Ngoja nieleze.

Vikao vya kwanza haviligusi tukio. Mtaalamu anataka kujua kama uko salama leo. Kama anayekupiga bado mnalala naye chumba kimoja, kazi ya kwanza ni usalama wako. Hakuna anayefunga bandeji huku kisu kikiendelea kukata. Ataulizia usingizi, pombe, na kama umewahi kuwaza kujiua. Usimfiche, kuuliza hivyo ni kazi yake. Kisha atakufundisha kuutuliza mwili: kuvuta pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kutaja vitu vitano unavyoviona chumbani. Yanaonekana mambo ya kitoto. Ndiyo breki utakayoihitaji baadaye mteremko ukiwa mkali.

Katika ile tiba ya kusimulia niliyoitaja, hatua inayofuata ni kamba. Ndiyo, kamba ya kawaida, inatandazwa sakafuni. Mwanzo wa kamba ni kuzaliwa kwako. Unapewa maua na mawe. Kila jambo zuri unaliwekea ua, kila jambo baya unaliwekea jiwe, kwa mpangilio wa miaka. Yule dada wa mitumba alipata tiba ya aina hii, akaniambia kilichomshangaza ni idadi ya maua. Alidhani maisha yake ni jiwe moja kubwa. Kumbe kulikuwa na mwalimu wa darasa la sita aliyempenda, siku alipopokea mtaji wa kwanza wa kikundi, kuzaliwa kwa binti. Sehemu ya kamba iliyobaki haitandazwi, inaachwa imekunjwa, kwa kuwa ni miaka ambayo bado haijafika.

Kisha vikao vinavyofuata mnarudi kwenye mawe, moja baada ya jingine. Unasimulia polepole: nilikuwa wapi, saa ngapi, nilisikia nini, mwili ulihisi nini, niliwaza nini, na kisha kikatokea nini. Mtaalamu anakurudisha kila mara kwenye leo: "Hayo yalikuwa kule. Sasa uko hapa, unaona ukuta huu, unasikia sauti yangu." Anaandika, na kikao kinachofuata anakusomea. Hapo ndipo karani wa ubongo anapopewa nafasi ya kufanya kazi iliyomshinda siku ile. Vipande vinapata tarehe.

Ziko mbinu nyingine. Ipo inayochunguza mawazo yaliyoganda, kama "ningepiga kelele yasingetokea", na kuyapima kwa haki: mtoto wa miaka tisa, usiku, na mtu mzima anayemtegemea kwa chakula, angeweza nini? Ipo ambayo mgonjwa hufuata kwa macho mkono wa mtaalamu unaokwenda kushoto na kulia huku akilikumbuka tukio. Ilianzishwa na mwanasaikolojia Francine Shapiro wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mara ya kwanza niliposikia nilidhani ni mazingaombwe, lakini Shirika la Afya Duniani limeiweka katika mapendekezo yake, pamoja na ile ya kurekebisha mawazo.

Watoto nao hutibika. Moshi hapa kwetu na Bungoma nchini Kenya kulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi na kubaki na dalili za kiwewe. Walikutana katika vikundi vikao 12, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa, na walezi wao wakishirikishwa. Bungoma nafuu iliendelea kuonekana wazi hata mwaka mmoja baadaye. Moshi kulikuwa na jambo la kutafakari: baada ya mwaka, watoto waliopata huduma za kawaida tu walikuwa wamepona karibu sawa na wenzao. Kwa hiyo mazingira yana nguvu yake, na mtoto aliyeshikwa mkono vizuri hupona hata kwa njia ambayo haina jina la kitabibu.

Mambo nisiyoyapenda

La kwanza ni kumlazimisha mtu asimulie siku ileile au kesho yake baada ya ajali, moto au ubakaji, eti "ayatoe moyoni". Tiba ya kusimulia ina wakati wake. Siku za mwanzo mtu anahitaji usalama, maji, blanketi, simu ya kuwapigia ndugu, na mtu wa kukaa naye. Akitaka kusema, msikilize. Asipotaka, mwache. Wengi watapona wenyewe. Dalili zikipita mwezi mmoja na bado zinamzuia kuishi, hapo ndipo tiba inapohitajika. Aliyebakwa lakini afike hospitali haraka, ndani ya saa 72, ili apewe dawa za kinga ya virusi vya UKIMWI, hilo halisubiri.

La pili ni diazepamu, ambayo wengi huiita Valium. Inauzwa dukani kama pipi, na mtu akifiwa jirani humpa mbili alale. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unasema wazi dawa za kundi hili zisitumike kutuliza dalili za kiwewe katika mwezi ule wa kwanza. Hazitibu kiwewe, na mtu huzizoea haraka. Dawa zinazoweza kusaidia ni za kundi jingine, kama sertraline na fluoxetine, ambazo huandikwa na daktari, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na huenda vizuri zaidi pamoja na mazungumzo kuliko peke yake.

La tatu litawaudhi baadhi yenu. Ni hii haraka ya kusameheana. Familia inakaa kikao, mtesaji anatoa mbuzi au pesa, wazee wanaomba dua, aliyeumizwa anaambiwa ampe mkono, mambo yamekwisha. Yamekwisha kwa nani? Kusamehe ni jambo jema na dini zetu zinalihimiza, lakini si sharti la kupona, na hakuna mwenye haki ya kumpangia mwenzake siku ya kusamehe. Nimewaona waliopona kabisa bila kumsamehe mtu, na nimewaona waliosamehe mbele ya ukoo mzima kisha wakaendelea kuamka saa nane usiku wakitetemeka. Sheikh au mchungaji mwema anaweza kuwa mlango wa kwanza wa msaada, na kwa wengi ndiye pekee wanayemwamini. Namwomba tu asiishie kwenye maombi, ampe mtu huyo rufaa.

Utakapoanza

Mtaalamu mzuri atakueleza mpango wake na idadi ya vikao anavyokadiria. Atakuambia siri yako italindwa, na atakuambia pia mipaka ya siri hiyo, kwa mfano pale mtoto anapokuwa hatarini leo. Ukisema "tuishie hapa kwa leo", ataishia. Hatakushika bila idhini, hatakukopa pesa, hatakuita kwenye kanisa lake wala biashara yake. Ukiona hayo, ondoka. Na usipopatana na mtaalamu wa kwanza tafuta wa pili, kama unavyobadilisha fundi wa nguo.

Tarajia wiki kadhaa ngumu. Vikao vya kusimulia vinapoanza, ndoto zinaweza kuongezeka na machozi kutoka bila taarifa. Hapo ndipo wengi huacha wakisema tiba imewaharibia. Mwambie mtaalamu, mpunguze mwendo, lakini usikimbie. Dada wa mitumba alitaka kuacha kikao cha nne. Alimaliza kumi na mbili. Tumbo bado humsumbua siku mojamoja, hasa likizo za shule zikikaribia, lakini omeprazole ameacha, na amemweleza binti yake, kwa maneno ya mtoto, kwamba mtu yeyote akimgusa vibaya aseme, na kwamba mama ataamini.

Kama wewe ndiye ndugu au mwenzi wa mtu wa namna hii, kazi yako ni ndogo kuliko unavyodhani. Ukisimuliwa, usiulize "kwa nini hukusema zamani" wala "ulivaa nini". Sema unamwamini, sema kosa halikuwa lake, kisha mwulize anataka nini sasa.

Wataalamu ni wachache nchini, sitawadanganya, na wengi wako mijini. Lakini hawako mbinguni. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mirembe iliyopo Dodoma, KCMC Moshi na Bugando Mwanza zote zina huduma za afya ya akili. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo hicho, na katika halmashauri yako yupo afisa ustawi wa jamii, ambaye kumwona hakuna malipo. Kwa ukatili, liko Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono ambapo daktari, polisi na mnasihi wanapatikana mahali pamoja. Kwa mtoto, piga 116, ni bure. Na kama unawaza kujiua, usisubiri miadi: nenda leo chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu, ukisindikizwa na mtu.

Wengi huniambia hawajui waanzie wapi kusema. Huhitaji kusimulia kitu mapokezi. Ukifika kwa daktari wa zamu, sema hivi tu: "Dokta, kuna jambo lilinipata zamani na bado linanisumbua mwilini. Naomba rufaa ya mtaalamu wa saikolojia." Kama huwezi kulitamka, liandike kwenye karatasi, umpe asome. Na ile bahasha ya vipimo njoo nayo, ili tusikupime tena malaria.